Kabla ya Kuandika Historia ya Klabu Yenu ya Kuonja Mvinyo, Funikeni Lebo

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa msomaji ambaye ni katibu wa klabu ya kuonja mvinyo. Klabu yao inakaribia kutimiza miaka kumi, wanachama wamekubaliana kutoa kijitabu cha historia ya klabu na ya ukumbi wanamokutana, na kazi yote imeangukia mikononi mwake. Swali lake lilikuwa fupi: "Nianzie wapi, na niandike nini kuhusu ukumbi ambao kila mwanachama anadai kuujua kuliko mwenzake?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu kabla ya kumjibu, kwa sababu kazi kama hiyo niliifanya kwa ajili ya klabu yetu, nikaifanya kwa moyo wangu wote, na jinsi ilivyoishia bado kunaniuma. Jibu nililomtumia lilikuwa la mistari minne tu. Hili hapa ndilo jibu kamili, nami naliandika kwa ajili yake na kwa kila mtu ambaye angependa klabu yake iache kumbukumbu ya kweli.

Ushauri wangu mkuu ni mmoja: funikeni lebo. Yeyote aliyewahi kuketi mezani pamoja na waonjaji anajua maana yake. Chupa huvishwa mfuko au karatasi, mvinyo humiminwa kwenye glasi, na kila mtu huandika anachokiona, anachokinusa na anachokionja kabla ya kuambiwa kuwa mvinyo ni wa nani na wa mavuno ya mwaka gani. Tunafanya hivyo kwa sababu tunajua jinsi macho yanavyouburuta ulimi. Mwaka 2001, watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux, Ufaransa. Mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi hao wakaueleza kwa maneno ambayo kwa kawaida hutumika kueleza mvinyo mwekundu. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wakidanganya. Waliona wekundu, na pua zao zikafuata. Historia ya klabu nayo huandikwa na watu ambao tayari wameiona lebo, wameipenda, na kumbukumbu zao zimeshaanza kuifuata.

Klabu yetu ilianzia sebuleni. Tulikuwa watu saba, tukiwa na chupa tatu na glasi za kuazima ambazo hazikufanana hata mbili. Hakuna aliyejiita mwenyekiti wala aliyewaza kwamba siku moja kutakuwa na kijitabu. Tulipozidi idadi ya viti tukaanza kutafuta mahali pa kupanga, na baada ya kuzunguka kwa miezi kadhaa tukapata chumba kikubwa chini ya jengo la zamani, chenye kuta nene za mawe, mlango mmoja mzito na madirisha mawili madogo yaliyo karibu na dari. Mwenye jengo alitupa kwa kodi nafuu kwa sababu nusu ya chumba ilikuwa bado imejaa maboksi yake, nasi tukakubali kukaa na maboksi hayo hadi atakapoyaondoa. Siku ya kwanza tulipowasha taa na kutandika kitambaa cheupe mezani, ili rangi ya mvinyo ionekane sawasawa, kila mmoja wetu alihisi kwamba tumefika nyumbani.

Mwanachama mmoja, nadhani kwa kuvutiwa na ubaridi wa chumba, alisema jioni hiyo kwamba mahali kama hapa lazima palikuwa ghala la mvinyo. Alikuwa akikisia tu. Mwaka wa pili wageni walikuwa wakiambiwa kwamba "inasemekana" palikuwa ghala la mvinyo. Mwaka wa tano neno "inasemekana" lilikuwa limedondoka njiani, na mahali pake alikuwa ameingia mfanyabiashara tajiri, mapipa ya mwaloni, na hata mlango wa siri ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Sasa niungame. Klabu ilipotimiza miaka kumi mimi nilikuwa katibu, na mimi ndiye niliyetoa hotuba. Nilisimama katikati ya chumba kile, nikaelekeza kidole kwenye rafu kubwa za mbao zilizokuwa ukutani, nikawaambia wageni kwamba mapipa ya mfanyabiashara yule yalilala pale. Walipiga makofi kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata tulitengeneza kibao cha shaba cha kutundika mlangoni, na maneno yaliyochongwa juu yake niliyatunga mimi: kwamba katika chumba hiki, kwa miaka mingi, mvinyo ulipumzishwa kabla ya kufika mezani. Sikuwa na ushahidi hata wa karatasi moja. Nilikuwa na ubaridi wa chumba, makofi ya watu, na kiu yangu mwenyewe ya kutaka iwe kweli.

Miaka mingine kumi ilipita. Kamati ikaamua kuchapisha kijitabu cha miaka ishirini, na kwa kuwa nilikuwa nimeandika kumbukumbu za vikao kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, wakanikabidhi kazi. Niliipokea kwa fahari kubwa. Nilidhani ningemaliza kwa mwezi mmoja, maana historia yote nilikuwa nayo kichwani.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba madaftari ya miaka minne ya mwanzo hayakuwapo. Yalikuwa yamewekwa kwenye kabati ambalo liliondolewa wakati chumba kilipopakwa rangi upya, na hakuna aliyejua yalikokwenda. Niliuliza kila mwanachama na kila mmoja alinisimulia miaka hiyo minne kwa uhakika mkubwa, lakini masimulizi yao hayakukubaliana hata juu ya mvinyo uliofunguliwa kwenye kikao cha kwanza. Nilikaa na karatasi nyeupe mbele yangu kwa wiki nzima. Kisha, kwa kukata tamaa kuliko kwa akili, nikaenda kumuuliza mtu ambaye hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza, yaani mzee anayelitunza jengo, ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyetufungulia mlango na kufagia baada yetu.

"Madaftari sikuyaona, mwanangu," aliniambia. "Lakini vizibo vyenu ninavyo."

Alinipeleka kwenye stoo yake na kunionyesha gunia. Tangu mwezi wetu wa kwanza alikuwa akiokota vizibo mezani na sakafuni, akidhani kwamba siku moja vitapata kazi, na gunia lilipojaa alilifunga kwa kamba na kulisukuma nyuma ya ngazi. Nililichukua hadi nyumbani. Nilitandika shuka sakafuni, nikalimwaga, na kwa usiku tatu nilipiga magoti juu ya vizibo zaidi ya elfu moja.

Kizibo ni kitu kidogo, lakini ukikishika karibu na taa kinazungumza. Ncha moja huwa imelowa na kubaki na rangi: ya zambarau iliyokolea kwa mvinyo mwekundu, ya manjano hafifu kwa mweupe, na mara nyingine chembe zinazometameta kama sukari, ambazo ni fuwele za chumvi ya tindikali ya tartari, tindikali ya asili ya zabibu, zilizoganda kwenye chupa. Ubavuni huchomwa jina la shamba au la aliyejaza chupa, na mara nyingi mwaka wa mavuno. Kizibo kimoja kilikuwa kimekatika katikati, na mtu alikuwa amekiunganisha kwa pini ya kushonea. Nilipokiona nilikumbuka papo hapo jioni ile, kizibuo kilichovunjika, na sauti ya mwenzetu mmoja aliyefariki akicheka. Nililia kidogo, na sioni haya kulisema.

Hata hivyo ushahidi ni lazima uulizwe kwa uangalifu. Mwaka uliochomwa kwenye kizibo ni mwaka ambao zabibu zilivunwa. Hauelezi chupa ilifunguliwa lini. Unaeleza tu kwamba haikuweza kufunguliwa kabla ya hapo. Vizibo vingi havina mwaka kabisa. Zaidi ya hayo, gunia halikuwa na kila kitu tulichokunywa. Kuanzia mwaka 2000, wazalishaji wa mvinyo wa riesling, aina ya zabibu nyeupe, katika bonde la Clare huko Australia walipoamua kwa pamoja kutumia vifuniko vya kuzungusha, mtindo huo ulienea kwa kasi, hasa kwa Australia na New Zealand, na kifuniko cha bati hakuna mtu anayekiokota kwa ajili ya kumbukumbu. Kama ningeandika historia kwa kutegemea gunia peke yake, ningesema kwamba klabu yetu haikuupenda mvinyo wa New Zealand, ilhali tuliufungua mara nyingi sana. Ushahidi uliosalia si ushahidi wote, na mwandishi wa historia asipojiuliza ni nini hakikuweza kusalia, atadanganya bila kukusudia.

Gunia lilinipa orodha. Halikunipa watu. Kwa ajili ya watu nilimtafuta dada mmoja ambaye alikuwa miongoni mwa wale saba wa sebuleni na akaondoka mwaka wa pili, baada ya kutofautiana na wenzake kwa jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka vizuri. Katika masimulizi ya klabu jina lake lilikuwa limefutika kabisa. Nilipompigia simu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, nilidhani mmenisahau." Alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi kumi na mbili za vikao vya kwanza, zenye sahihi za watu saba, na juu ya karatasi ya kwanza, kwa mwandiko wake, maneno haya: "Mililita 50 kwa kila mtu, tusizidishe."

Maneno hayo yalivunja hadithi yetu ya kwanza. Klabu yetu ina kanuni kwamba kikao hakizidi watu 15, na tulikuwa tumezoea kusema kwamba mwenyekiti wa kwanza aliichagua idadi hiyo kwa hekima yake, ili udugu usipotee. Ukweli ni hesabu. Glasi ya kuonjea iliyowekewa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 1977, ile yenye tumbo pana na mdomo mwembamba unaokusanya harufu, huchukua takriban mililita 215, lakini hutiwa mililita 50 tu, ili mvinyo upate nafasi ya kuzungushwa na hewa iliyo juu yake ijae harufu. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Gawanya, upate 15. Dada yule aliipiga hesabu hiyo sebuleni kabla klabu haijawa na mwenyekiti, na kwa miaka ishirini sifa ilikwenda kwa mtu mwingine.

Baada ya hapo nilianza kuogopa kila nilichokuwa nikikijua, nami nadhani woga huo ni mzuri kwa mwandishi. Nilirudi kwenye karatasi kumi na mbili. Tano za mwisho zilikuwa za vikao vya kwanza katika ukumbi wetu, na nilipozisoma kwa mfululizo niliona jambo ambalo tulipaswa kuliona tangu siku ile. Chini ya kichwa cha harufu, kwa miandiko tofauti, kwa mvinyo mweupe na mwekundu, wa bei ya juu na ya chini, maneno yalikuwa yale yale: karatasi iliyoloa, boksi bichi, ukungu. Tulikuwa tumezitangaza chupa nyingi kuwa zimeharibiwa na kizibo, na baadhi tulizirudisha kwa muuzaji, tukimlaumu.

Ugonjwa wa kizibo, yaani mvinyo kuchukua harufu ya ukungu kutoka kwenye kizibo chake, upo, na waonjaji wote wanaujua. Mwaka 1981 watafiti wa Uswisi walibainisha kemikali inayousababisha kwa sehemu kubwa, inayoitwa kwa ufupi TCA, ambayo hutokana na ukungu unapokutana na misombo yenye klorini, na ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni chembe chache sana katika trilioni. Lakini TCA haikai kwenye vizibo peke yake. Inaweza kuzaliwa kwenye mbao, kwenye maboksi, kwenye kuta za chumba chenye unyevu kilichosafishwa kwa dawa ya klorini, na ndiyo maana watengenezaji wengi wa mvinyo waliacha kabisa kusafishia maghala yao kwa dawa hiyo. Siwezi kupima leo kilichokuwa hewani mwaka ule. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba karatasi za vikao vya baadaye, baada ya maboksi kuondolewa, hazina tena neno "boksi bichi", isipokuwa mara moja moja kama inavyotarajiwa. Muuzaji yule hakuwa na kosa. Tulikuwa tukionja chumba.

Hapo ndipo nilipomrudia mzee wa jengo na swali ambalo ningepaswa kumuuliza miaka ishirini mapema: chumba hiki kilikuwa cha nini?

Alinijibu bila kusita. Kilikuwa stoo ya karatasi ya kiwanda cha uchapaji kilichokuwa ghorofa ya juu. Alikuwa kijana mdogo alipoanza kazi hapo, na yeye mwenyewe alikuwa akiziviringisha robota za karatasi juu ya sakafu ile. Aliinama akanionyesha mifereji miwili kwenye mawe, iliyolika kwa magurudumu ya toroli, ambayo sisi tulikuwa tukiwaambia wageni kwamba ilichongwa na mapipa. Tulipima zile rafu ambazo nilizielekezea kidole katika hotuba yangu. Kina chake kilitosha karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa na hakikutosha nusu ya pipa. Nilimwomba mwenye jengo ramani ya zamani, akaitoa kwenye droo bila kuuliza sababu, na juu ya chumba chetu palikuwa pameandikwa, kwa herufi safi za mchoraji, kwamba ni stoo ya karatasi. Nilipeleka hata kipimajoto. Mvinyo unaotunzwa kwa miaka hupenda takriban nyuzijoto 12 au 13 zisizopandapanda. Chumba chetu kilipita 20 kila alasiri, kisha kikashuka usiku, kwa sababu ya bomba la maji ya moto linalopita nyuma ya ukuta. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili ambaye angelaza mvinyo wake pale.

Kwa hiyo tulikuwa tumeandika ukweli kwa mikono yetu wenyewe, wakati lebo zilipokuwa zimefunikwa na pua zikiwa peke yake. "Karatasi iliyoloa" ilikuwa historia ya chumba, imeandikwa mara arobaini katika vikao vitano. Kisha tukaifunika kwa hadithi tuliyoipenda zaidi.

Niliandika sura ya kurasa kumi na moja. Niliweka hesabu ya watu 15 na jina la dada yule. Niliweka stoo ya karatasi, toroli, ramani, na sehemu ya hotuba yangu, pamoja na maelezo kwamba haikuwa kweli na kwamba mimi ndiye niliyeisema. Nilimshukuru mzee kwa jina lake. Katika maisha yangu sijaandika kitu ambacho nilikionea fahari kama kurasa hizo, na usiku niliozimaliza nilizisoma kwa sauti nikiwa peke yangu hadi mwisho.

Kamati ilizisoma kwa siku nne. Mwenyekiti wa wakati huo aliniambia, kwa upole uliozidi kunichoma, kwamba kazi ni nzuri lakini "si ya sherehe". Kijitabu kilitoka na kurasa mbili za ukumbi. Mfanyabiashara wa mvinyo alikuwamo, mapipa yalikuwamo, na hata mlango wa siri ulikuwamo. Dada hakuwamo. Mzee alitajwa kama "mlinzi wetu mwaminifu", bila jina. Shukrani kwangu zilikuwa kwenye mstari wa mwisho, miongoni mwa walioazimisha picha.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hilo liliniumiza kiasi hicho, na nadhani ni kwa sababu watu walionikatalia ni wale wale ambao, kila mwezi, hukasirika mtu akichungulia chini ya mfuko wa chupa. Wanajua. Wanaujua msingi wa jambo kuliko mtu mwingine yeyote, lakini wanaacha kuutumia mara tu kinachoonjwa kinapokuwa wao wenyewe. Mashindano maarufu ya Paris ya tarehe 24 Mei 1976, yaliyoandaliwa na mfanyabiashara wa Uingereza Steven Spurrier, yalitoa funzo hilo hilo. Waamuzi tisa wa Ufaransa walionja bila kuona lebo, na alama zao zikaipa ushindi mivinyo miwili ya California ya mwaka 1973, Chateau Montelena kwa mweupe na Stag's Leap kwa mwekundu, mbele ya majina makubwa ya Ufaransa kutoka Burgundy na Bordeaux. Baada ya matokeo kutangazwa, mwamuzi mmoja alidai arudishiwe karatasi yake ya alama. Hakurudishiwa. Mwandishi mmoja tu wa habari, George Taber wa jarida la Time, alikuwa amejisumbua kuhudhuria, na kama naye asingekuwapo na kuandika, sijui ni nani angeamini leo kwamba siku ile ilitokea hivyo.

Basi, ndugu katibu uliyeniandikia, na ninyi wengine mlio na madaftari kabatini: msirudishe karatasi za alama. Mwanachama akija kuomba ukurasa wake ung'olewe kwa sababu aliusifu mvinyo wa bei ya chini kuliko wote, mkatalieni kwa heshima. Andikeni usiku ule ule, kwa kalamu ya wino, mkiwa bado mezani, wala msinakili upya kwa mwandiko mzuri na kuitupa karatasi ya kwanza yenye alama ya duara la glasi, kwa maana duara lile ni sahihi kama sahihi nyingine. Andikeni tarehe kamili, pamoja na mwaka. Mtashangaa jinsi watu wenye elimu wanavyoandika "Alhamisi" na kuishia hapo.

Andikeni pia chumba. Klabu nyingi huandika mvinyo na kusahau chumba, ilhali chumba ndicho mwonjaji wa kumi na sita. Taa ilikuwa ya manjano au nyeupe, madirisha yalikuwa wazi au yamefungwa, joto lilikuwa nyuzi ngapi, kulikuwa na harufu ya rangi, ya sabuni, ya maua ambayo mtu alidhani yatapendeza mezani. Ni mistari miwili tu, lakini baada ya miaka ishirini mistari hiyo miwili itawaambia mambo ambayo hakuna mzee wa klabu atakayeyakumbuka. Kama mnatumia gurudumu la harufu, yaani ule mchoro wa duara wenye maneno ya kuelezea harufu za mvinyo, ambalo Ann Noble alilitengeneza katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis miaka ya 1980, litumieni, maana linawapa waonjaji wote maneno ya pamoja. Lakini mtu akinusa kitu ambacho hakimo kwenye gurudumu, aandike alichokinusa. "Boksi bichi" halikuwa neno la kitaalamu, na ndilo lililotuokoa.

Kuhusu ukumbi, msianze na wanachama. Mwanachama hufika jioni, mvinyo ukiwa umeshafunguliwa. Anzeni na anayefagia, anayefungua mlango, anayebadilisha balbu. Kisha ombeni ramani kwa mwenye jengo. Kisha pimeni: rafu, milango, mifereji ya sakafuni, joto la asubuhi na la alasiri kwa wiki mbili. Mkiisha kupima, ndipo mwaulize wanachama wanasimulia nini, nanyi mliandike hilo pia, kwa sababu hadithi waliyoipenda watu kwa miaka ishirini ni sehemu ya historia yao. Iandikwe tu kuwa ni hadithi. Hapo ndipo kamati yetu haikunielewa. Sikutaka kuwanyang'anya mfanyabiashara wao. Nilitaka akae upande wake wa ukurasa.

Tafuteni walioondoka. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ni rahisi kulipuuza, na kwa sababu mimi mwenyewe nililipuuza kwa miaka ishirini nikiwa na namba ya simu ya dada yule kwenye daftari langu. Aliyeondoka hana sababu ya kuipamba klabu, na mara nyingi ndiye aliyehifadhi karatasi, kwa kuwa hakuwapo siku kabati lilipotupwa. Mwiteni, mwombeni radhi kama kuna la kuombea radhi, msikilizeni hadi mwisho. Na akikubali, nakilini karatasi zake na kumrudishia za asili, kwa maana ni zake.

Uliniuliza mwishoni mwa ujumbe wako kama uandike hata kama wenzako watakasirika. Andika. Toa nakala tatu za sura yako kabla ya kuipeleka kwa kamati, weka tarehe kwenye kila ukurasa, utie sahihi. Wakiipunguza, usigombane nao kwenye sherehe, wala usijitoe kwenye klabu kwa hasira, maana ukijitoa utakuwa umewaachia madaftari. Mimi bado nahudhuria. Kibao cha shaba bado kiko mlangoni, nami hupita chini ya maneno yangu mwenyewe kila mwezi nikiwa na glasi zangu mkononi. Mwezi uliopita nilimwalika dada yule, akaja, akaketi karibu na dirisha, na tulipomimina mvinyo wa kwanza niliona akiitazama glasi ya kila mtu ili kuhakikisha kwamba hakuna aliyezidishiwa.

Nakala moja ya zile kurasa kumi na moja nilimpa yeye. Nyingine iko kwangu. Ya tatu niliitia ndani ya bahasha, nikaiweka juu ya vizibo katika gunia lile, tukalifunga kwa kamba yake ya zamani, na mzee akalirudisha nyuma ya ngazi.